Msimu Hauishii Epsom

Nairobi,
20 Aprili 2026

Kwako ndugu yangu Juma,

Salamu nyingi sana. Natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya, wewe pamoja na shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo. Masika yamepamba moto, mama anaendelea vizuri na mguu wake, na Salim anakusalimu sana, ingawa lile deni lenu hataki hata lizungumzwe.

Barua yako nimeipata, na sehemu moja imenikaa rohoni kiasi kwamba nimeona nikujibu mara moja. Umeandika kwamba mwaka huu una siku moja tu ya likizo unayoweza kuitoa kwa ajili ya farasi, kwamba utaitumia kusafiri huko Uingereza kutoka Leeds hadi Epsom kutazama mbio za farasi za Derby mwezi Juni, na kwamba baada ya hapo utafunga hesabu hadi mwaka ujao kwa sababu baada ya Derby hakuna jipya. Juma, hilo silikubali hata kidogo, na nakuomba usikate tiketi hiyo kabla hujanisoma hadi mwisho.

Siidharau Derby. Tangu farasi Diomed aliposhinda ile ya kwanza mwaka 1780, hakuna mbio ambazo kila mfugaji huziota kama hizo, na mteremko wa kona ya Tattenham Corner pale Epsom humfichua farasi asiyeweza kujisawazisha akiwa kasini. Lakini Derby ni mbio za farasi wa miaka mitatu peke yao. Inatuambia nani alikuwa bora miongoni mwa rika lake katika mchana mmoja, basi. Wakubwa wa miaka minne na mitano, waliokomaa mifupa na misuli, hawakuwapo. Swali lenyewe la majira ya joto, yaani kama kijana huyu anaweza kumshinda mkubwa wake, huanza kuulizwa mwezi Julai katika mbio za Eclipse pale Sandown, likaulizwa tena mwishoni mwa mwezi huo katika King George pale Ascot, na tena mwezi Agosti katika International pale York. Anayeondoka baada ya Derby ameondoka kabla swali halijaulizwa.

Nawe unajua jinsi swali hilo linavyowekwa sawa kwa mizani. Farasi wote wa mbio upande wa kaskazini huhesabiwa kuwa wameongeza mwaka tarehe 1 Januari, hata kama mmoja alizaliwa Februari na mwingine Mei, na tangu karne ya 19, kwa kufuata jedwali lililotungwa na Admirali Rous, mdogo hubebeshwa uzito pungufu kuliko mkubwa wake. Ndiyo maana joki hupanda mizani akiwa amekumbatia tandiko lake, na uzito ukipungua huongezewa vipande vyembamba vya risasi kwenye mifuko ya kitambaa inayokaa chini ya tandiko. Kisha baada ya mbio, akiwa bado anahema na tope limemganda kwenye miwani, hupimwa tena. Kinachonivutia zaidi ni kwamba nafuu hiyo hupungua kadiri msimu unavyosonga, kwa kuwa mdogo anakua huku tukimtazama. Anachopewa Julai si kile atakachopewa Agosti. Kwa hiyo farasi wale wale wawili wakikutana mara mbili katika kiangazi kimoja, hawakutani kwa masharti yale yale, na hakuna anayeweza kuapa kwamba matokeo ya kwanza yatajirudia.

Mfano hauko mbali. Ni wa mwaka jana tu. Katika Derby ya 2025 joki Ryan Moore alimchagua Delacroix na kumwacha Lambourn. Lambourn akashinda, na Delacroix akapotelea nyuma ya kundi. Kama ungefunga hesabu siku ile, ungebaki ukiamini kwamba Delacroix si lolote. Wiki chache baadaye, katika Eclipse, Delacroix huyo huyo alikuwa nyuma huku nafasi ikimfungia, akatolewa nje, na katika hatua za mwisho kabisa akampita Ombudsman wa miaka minne na kumshinda kwa urefu wa shingo. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya televisheni kwa Mwalimu, sote tulipiga kelele, na hata Mwalimu mwenyewe, ambaye unajua alivyo mtulivu, aliinuka kitini. Kisha ikaja Agosti, York. Birr Castle, aliyekuwa ameingizwa kwa kazi ya kuweka kasi tu, alitoka mbio akawaacha wenzake mbali mno, hata kwa muda nilidhani hawatamfikia. Lakini joki William Buick alimtuliza Ombudsman, akamwachia kwa wakati wake, na safari hii mkubwa akamshinda mdogo bila ubishi. Wakawa sare, kila mmoja na ushindi mmoja. Hiyo ndiyo hadithi ya kiangazi, Juma, na Derby ilikuwa utangulizi wake.

Tena si jambo la jana. Nimekuwa nikirudia kutazama picha za King George ya mwaka 1975, na kila mara naona kitu kipya. Grundy alikuwa na miaka mitatu, bingwa wa Derby, akiwa na Pat Eddery mgongoni. Bustino alikuwa na miaka minne, mshindi wa mbio za St Leger za mwaka uliotangulia, akiwa na Joe Mercer, na alikuwa amebeba uzito uliozidi wa mdogo wake kwa zaidi ya kilo sita. Mkufunzi Dick Hern alijua kwamba Bustino ana pumzi ndefu kuliko Grundy, hivyo aliingiza farasi wawili wa kuweka kasi, kama wanavyofanya waandaaji wa marathoni kwa wakimbiaji wetu, ili kijana achoke kabla ya mwisho. Wa kwanza alivuta hadi akaishiwa, wa pili akapokea naye akaishiwa, ndipo Bustino akaongoza mwenyewe mapema na kukata kona akiwa mbele. Grundy alimfuata, akamfikia, akampita kidogo. Na hapo, wakati farasi yeyote wa kawaida angekata tamaa, Bustino alirudi tena ubavuni mwake. Tazama vichwa vyao katika mita mia mbili za mwisho: kimoja kinashuka, kingine kinapanda, Eddery amejikunja shingoni mwa farasi wake, Mercer anasukuma kwa mikono yote miwili. Grundy alishinda kwa nusu ya urefu wa farasi, kwa muda wa dakika 2 na sekunde 26.98, na hakuna aliyezikimbia mbio hizo haraka kuliko hivyo hadi Harbinger mwaka 2010. Wa tatu alikuwa Dahlia, jike aliyekuwa ameshinda King George mbili zilizotangulia, na hawa wawili walimwacha.

Najua utanijibu kwamba mbio ile iliwamaliza, na ni kweli. Bustino hakukimbia tena maishani, na Grundy alipokwenda York mwezi uliofuata alishindwa na Dahlia yule yule, ikawa ndiyo mbio yake ya mwisho. Sina jibu jepesi kwa hilo. Nalifikiria sana, na bado nasema kwamba... lakini acha nirudi kwenye lile ninalotaka kulisema kwanza, nalo ni malalamiko.

Kinachoniumiza ni kwamba mabingwa wa miaka mitatu huondolewa wakati ambapo wangeanza kuwa wakubwa wenyewe. Sea The Stars mwaka 2009 alishinda mbio sita za daraja la kwanza ndani ya miezi sita, kuanzia mbio za 2000 Guineas mwezi Mei, kisha Derby, Eclipse, York na Leopardstown, hadi mbio za Arc pale Paris mwezi Oktoba, mbio moja kubwa kila mwezi, na baada ya hapo hatukumwona tena uwanjani. City of Troy mwaka 2024 alishinda Derby na Eclipse, akaweka rekodi ya uwanja pale York, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amestaafishwa. Sababu naielewa vizuri. Sheria za farasi wa mbio haziruhusu mbegu kupandikizwa kwa chombo. Dume lazima apande mwenyewe, na dume mwenye jina huweza kupanda majike zaidi ya mia moja kwa mwaka, kila mmoja akilipiwa. Hakuna zawadi ya mbio inayoweza kushindana na mapato hayo, na kila akiingia uwanjani akiwa na miaka minne anahatarisha jina lake na miguu yake. Wenye mali wamepiga hesabu yao, nami siwaiti wezi. Nasema tu kwamba sisi tunaotazama tunanyimwa nusu ya pili ya hadithi, na kwamba mdogo aliyepewa nafuu ya uzito mwaka huu alistahili kuja mwaka ujao na kuwapa nafuu hiyo wadogo zake.

Tazama kinachotokea mwenye mali anapovumilia. Enable, kwa kuwa ni jike na jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, hakuwa na haraka ya kwenda shambani kuzaa. Akashinda King George akiwa na miaka mitatu mwaka 2017, mitano mwaka 2019 na sita mwaka 2020, na ile ya 2019, alipomshinda Crystal Ocean kwa urefu wa shingo, ilikuwa ya wakubwa wawili wa miaka mitano ambao hakuna aliyempa mwenzake njia. Frankel naye, ambaye kila mtu angemwelewa mwenye mali wake, Khalid Abdullah, kama angempeleka shambani baada ya kushinda mbio zake zote hadi miaka mitatu, alirudishwa uwanjani mwaka 2012. Kwa hiyo tukaiona ile siku ya York, alipojaribiwa kwa mara ya kwanza katika umbali wa maili moja na robo, akashinda kwa urefu wa farasi saba huku mkufunzi wake, Sir Henry Cecil, akiwa amedhoofishwa na ugonjwa lakini amefika kumwona. Cecil alifariki mwezi Juni mwaka uliofuata. Frankel alistaafu akiwa ameshinda 14 kati ya 14, na kama angestaafu mapema, siku ile isingekuwapo kabisa.

Ndipo nafika kwenye ombi langu. Nenda York. Wewe uko Leeds, York ni safari fupi ya treni, na International hukimbiwa Jumatano, siku ya kwanza ya mkutano wao wa Agosti. Uwanja ni tambarare na mpana, sehemu ya mwisho iliyonyooka ni ndefu, hakuna kilima cha kulaumiwa, na bado ni mahali ambapo mabingwa wameangushwa kupita kiasi. Brigadier Gerard alikimbia mara 18 na kushindwa mara moja tu, na mara hiyo ilikuwa hapo, mwaka 1972, mbele ya Roberto wa miaka mitatu. Golden Horn, bingwa wa Derby ya 2015, aliondolewa katika King George kwa sababu mvua ililainisha ardhi, akapelekwa York, akashindwa na Arabian Queen ambaye wacheza kamari walimpa nafasi ya 50 kwa 1. Ukisoma habari za ardhi asubuhi hiyo, zisome kwa makini, maana wakufunzi huamua mengi kwa kipimo hicho, na kiangazi kikiwa kikavu hata maji yanayomwagiwa nyasi huzua ubishi.

Ukishafika, usikimbilie kwenye ukingo wa uwanja kwanza. Hakikisha tiketi yako inakuruhusu kufika mahali farasi wanapotembezwa kabla ya mbio, usimame hapo, uwatazame wa miaka mitatu na wa miaka minne wakipita mmoja nyuma ya mwingine. Angalia shingo, angalia unene wa nyonga, angalia nani ametoka jasho kati ya mapaja na nani anatembea akiwa ameinamisha kichwa kwa utulivu. Televisheni hainionyeshi hayo. Kamera huhama upesi, na sisi huku tunabaki kukisia. Unakumbuka tulivyokuwa tukifanya pale Ngong, wakati Babu alipotukataza kusema neno juu ya farasi yeyote mpaka awe amezunguka mara mbili mbele yetu? Nataka unifanyie hivyo hivyo, kisha uniandikie ulichokiona kabla ya mbio, si baada, ili tujue kama macho yako bado ni yale. Na tafadhali niwekee kile kijitabu cha ratiba ya siku hiyo, chenye majina na uzito wa kila farasi.

Sasa nijibu haya. Je, mwajiri wako atakubali kuihamisha likizo kutoka Juni hadi Agosti, au tayari umesaini? Shemeji atakuja nawe, au bado anashikilia kwamba farasi ni ugonjwa wa ukoo wenu? Yule kijana wa Mama Zawadi aliyekuwa akifanya kazi ya mazizi bado yuko huko, na anaweza kukuambia ni farasi gani wa miaka minne waliobaki kazini mwaka huu? Wewe mwenyewe, ukiulizwa leo, ungempa nani ushindi katika ile ya 1975 kama uzito ungekuwa sawa kwa wote wawili? Na ile simu yako mpya inaweza kunipigia kwa picha ukiwa pale wanapotembezwa, hata kwa dakika chache, kama mtandao utaruhusu?

Nasubiri jibu lako kabla hujalipia chochote cha Epsom.

Wako katika urafiki,
Kassim