Tinti nyeusi si lazima izuie joto

Wateja wengi wakifika kwetu huanza hivi: "Niwekee ile nyeusi kabisa, jua linanichoma." Tunawaelewa. Gari likikaa juani usukani haushikiki, na ukiwa njiani mkono ulio upande wa dirisha unaungua huku kiyoyozi kikivuma. Lakini weusi wa tinti ni kitu kimoja, na kuzuia joto ni kitu kingine.

Karibu nusu ya nishati ya jua inayotufikia ni mionzi ya infraredi, ambayo jicho haliioni. Tinti ya rangi, ile ya bei rahisi, hupunguza mwanga tu. Infraredi nyingi inapenya. Na joto ambalo tinti hiyo inalinyonya hubaki kwenye kioo. Sogeza kiganja karibu na kioo hicho mchana, utalisikia likirudi ndani. Baada ya muda tinti hiyo hugeuka zambarau. Tinti yenye metali huakisi joto vizuri, ila inaweza kusumbua mawimbi ya redio, simu na GPS. Ya seramiki haina usumbufu huo, na iliyo bora, hata ikiwa angavu, huzuia joto kuliko nyeusi ya rangi. Ni ghali zaidi, lakini kwa anayeteswa na joto ndiyo tunayoipendekeza.

Kwenye karatasi ya vipimo tafuta herufi TSER, yaani asilimia ya nishati yote ya jua inayozuiwa. Ukiambiwa tu "inazuia infraredi asilimia 95", uliza imepimwa kwenye sehemu gani ya infraredi. Mawimbi ya infraredi ya jua yana urefu wa kuanzia nanomita 780 hivi hadi kama 2,500, na wapo wanaotangaza kipimo cha kipande kidogo cha hapo katikati. Jaribio la taa ya joto dukani nalo lisikudanganye, maana taa ile haifanani na jua. Omba kipande cha sampuli, toka nacho nje, kikinge juu ya mkono wako.

Kuna hesabu moja inayowaponza wengi. VLT ni asilimia ya mwanga unaopita, na kioo cha gari chenyewe tayari kinapunguza mwanga. Kioo kinachopitisha 80 kikibandikwa tinti ya 70, hupati 70, unapata 56. Kama sheria ya unakoendesha inataka 70 kwenye vioo vya mbele, umeshaivunja bila kujua. Ndiyo maana tunapima kioo kwanza, kabla hata hatujafungua roli ya tinti.

Tukishabandika, usishushe vioo kwa siku chache. Ukungu na vipovu vya maji utakavyoviona visikutie wasiwasi, vitakauka vyenyewe. Punje ya vumbi iliyonaswa ndani haikauki. Ukiiona, lete gari tubandue tuanze upya. Na sabuni ya vioo yenye amonia usiiguse kabisa. Kitambaa laini na maji ya sabuni ya kawaida vinatosha.