Risala ya Wazazi na Walimu wa Kisiwa cha Pate kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Maonyesho ya Sanaa

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, wazee wetu wa mji, walimu wakuu, wazazi na wanafunzi,

Assalaam alaykum.

Tunakushukuru kwa kukubali kuja Siyu, safari ambayo humlazimu mtu atokaye Lamu kusubiri maji yajae ndipo chombo kipite Mkanda, mlango mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara. Tunalitaja hili mapema kwa sababu maji hayo hayo ndiyo yanayoamua mtoto wa kisiwa hiki apate nini katika masomo ya sanaa na akose nini.

Mheshimiwa, hatuji mbele yako kusema kwamba watoto wetu hawana sanaa. Huu ndio mji ambao katika karne ya 19 waandishi wake walinakili misahafu kwa khati na mapambo yanayotambulika hadi leo, na ambao ulisifika kwa kazi za ngozi na nakshi za mbao. Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemtungia binti yake utenzi wa mawaidha mwaka 1858, alikuwa mke wa Bwana Mataka aliyetawala hapa. Hata leo watoto wetu huandika khati chuoni, yaani madrasani, huwaona mama zao wakisuka mikeka, na hulijua vugo la harusini kabla hawajajua kusoma. Kisha huingia darasani wakafunzwa sanaa kwa picha za kitabuni, picha za vifaa wasivyopata kuvishika, na mwalimu aliyesomea hisabati ambaye amepewa kipindi hicho kwa kuwa hapana mwingine. Mwalimu huyo hatumlaumu hata kidogo, kwani tunajua kwamba rangi zilizotumika katika maonyesho haya zimenunuliwa kwa pesa za walimu wenyewe.

Siwa ya pembe ya ndovu ya Pate, baragumu kubwa lililopulizwa katika sherehe za watawala wa kisiwa hiki, imo katika hifadhi ya makumbusho nje ya kisiwa hiki, na ni vyema ilindwe huko. Hata hivyo, tulipowauliza wanafunzi walioandaa maonyesho ya leo, karibu wote walikuwa wameiona kwenye picha tu.

Ugumu mwingine ni wa majira. Tamasha la Muziki la Kenya hufikia kilele mwezi wa Agosti, na mashindano ya mchujo hufanyika katika miezi inayotangulia, ambayo ni miezi ya kusi, bahari ikiwa imechafuka. Mwaka mmoja kwaya yetu ilifanya mazoezi kwa miezi mitatu, upepo ukaizuia kuvuka, na tulipofika siku ya pili zamu yetu ilikuwa imekwisha kupita. Watoto waliimba wimbo wao gatini, wakarudi.

Haya yana uzito zaidi sasa, kwa sababu chini ya Mtaala wa Umilisi mwanafunzi anayeingia Gredi ya 10 huchagua mkondo mmoja kati ya mitatu, na mmojawapo ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Mtoto ambaye hajapata kushika patasi wala kusimama jukwaani atauchaguaje mkondo huo?

Ombi letu kubwa, Mheshimiwa, si jengo. Tunaomba mafundi wa nakshi, wasusi, wapiga zumari na malenga wa visiwa hivi waruhusiwe kuingia darasani kwa siku maalumu kila wiki, wakae bega kwa bega na mwalimu, na walipwe ujira wao kama anavyolipwa mtu yeyote mwenye ujuzi. Baadhi yao ni wazee sana, na wana wao wamekwenda baharini au Mombasa kutafuta riziki, kwa hiyo jambo hili halina nafasi ya kungoja mipango ya miaka mitano. Tunaomba pia mashindano ya kaunti yafanyike kwa zamu, na mwaka mmoja yaletwe Faza, katika kisiwa hiki hiki, ili wenzetu wa Ndau, Kiwayu na Kiunga, pamoja na watoto wa Waaweer wa Basuba walio mbali kuliko sisi, wapunguziwe safari. Vifaa tutavitumia kwa ushirika baina ya shule, hata vikiwa seti moja.

Mlango mdogo ulioko mezani mbele yako umechongwa na wanafunzi wa Gredi ya 8, wakielekezwa na fundi mmoja wa mji huu kwa Jumamosi kumi na moja bila malipo. Utaona kwamba ubao wa kushoto nakshi zake zimepindapinda, na wa kulia zimenyooka. Walianza kushoto. Tunakukaribisha uutazame kabla maji hayajapwa.

Ni sisi,
Kamati ya Wazazi na Walimu