Barua kwa mwanangu anayekwenda kujitolea wodini

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama yako, sisi hatujambo. Habari kwamba umekubaliwa kujitolea katika hospitali ya watoto nimeipata kwa dada yako, si kwako, na jambo hilo lilinikaa moyoni siku mbili kabla sijashika kalamu. Hata hivyo najivunia. Wengi wetu tukipita karibu na wodi ya watoto huharakisha hatua, nawe umeomba kuingia.

Linaloninyima usingizi ni moja, nalo ni ahadi utakazowapa watoto wale. Utamsomea mtoto hadithi alasiri moja, wakati wa kuondoka atakushika kidole, nawe kwa huruma utamwambia kwamba kesho utarudi, ilhali zamu yako ni ya wiki ijayo. Kwako hayo ni maneno ya kuagana tu, lakini yeye atakungoja, kwa kuwa mtoto aliyelazwa hana kazi kubwa kuliko kutazama mlango.

Tangu nipate habari zako nimekuwa nikisoma. Zamani huko Uingereza hospitali nyingi ziliwaruhusu wazazi kuwaona watoto wao kwa saa chache tu kwa wiki, kwa imani kwamba kuonana na kuagana huwavuruga. James Robertson, aliyekaa wodini akiwachunguza watoto hao, alieleza kwamba mtoto mdogo aliyetenganishwa na mama yake kwanza hulia na kukataa, kisha hukata tamaa, na mwishowe hujitenga hata mama akija asimjali. Ukimya wake ulidhaniwa kuwa ni dalili ya kuzoea. Ilipofika mwaka 1959, kamati iliyoongozwa na Harry Platt ilipendekeza wazazi waruhusiwe kuwatembelea watoto wao bila vizuizi vile. Kwa hiyo usimpite mtoto aliyenyamaza ukidhani ametulia, ukawakimbilia wanaocheka.

Usiku ule wa wodini unaukumbuka kuliko mimi, nami sitausimulia hapa. Nitasema tu kwamba nilikuwa na shughuli ambazo wakati ule niliziona kubwa, na kwamba mtu mzima anayesema anarudi sasa hivi anapaswa kujua hiyo sasa hivi ni saa ngapi. Mama yako anaamini ndiyo sababu mpaka leo hupendi kumsindikiza mtu mlangoni.

Basi ukiaga, aga kwa ukweli. Mtoto mdogo hajui Jumamosi ni lini, lakini akiambiwa kwamba atalala mara tatu kisha utakuja, anaelewa. Na kama hutakuja tena, mwambie hivyo, hata akilia. Usimwambie kwamba sindano haitauma, maana itauma, na akishaona umemdanganya hatamwamini hata muuguzi atakayekuja baada yako. Wala usimwahidi kwamba atapona. Neno hilo si letu, na mama yake aliyeketi pale kitandani huenda ameshaambiwa na daktari jambo usilolijua wewe.

Mengine utafundishwa huko, ila nayataja kwa sababu mimi ni baba yako. Usimpe mtoto chochote cha kula au kunywa bila kumuuliza muuguzi, hata akikulilia, kwani huenda anafungishwa kwa ajili ya upasuaji. Usimpige picha, wala usisimulie habari za mgonjwa nje ya wodi. Nawa mikono kabla ya kumgusa mtoto na baada ya kumgusa. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba kunawa kwa sabuni kuchukue sekunde 40 hadi 60, nawe tangu utotoni hunawa kwa haraka mno. Ukiamka na mafua, usiende, hata kama umemwahidi mtu, kwa kuwa mtoto anayetibiwa saratani anaweza kulazwa mahututi na ugonjwa ambao wewe ungeusahau kwa siku tatu. Hiyo nayo ni sababu ya kutoahidi.

Sikufichi kwamba nahofia pia tabia yako ya kuanza jambo kwa moto na kuliacha katikati, kama ulivyoacha mafunzo ya ushonaji. Kitambaa kilichoachwa hakiumii. Omba zamu chache unazoweza kuzitimiza, nasi tutakuheshimu kwa hizo chache.

Kadi yako ya chanjo, ambayo najua watakuuliza, tumeipata chini kabisa ya sanduku la mama yako. Dozi zote mbili za surua zimeandikwa. Nimefurahi, maana virusi vyake huweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Mama yako amekununulia viatu vya kufunika vidole, visivyoteleza, na anasema usivivalie kwingine. Mdogo wako amehamia chumbani kwako bila kuniuliza na kitasa amekivunja. Nitakitengeneza mwezi huu. Nilitaka kuandika kwamba nitakitengeneza kesho, nikajizuia.

Siku yako ya kwanza ikiisha, niandikie mwenyewe, usimtume dada yako. Sihitaji habari za jengo wala za madaktari. Niambie wakati wa kuondoka ulimwagaje mtoto wa mwisho.

Ni mimi baba yako.