Nipimie ile lenzi kabla sijalipa

Tromsø, Norwe, 4 Novemba

Ndugu yangu Mbwana,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto. Mimi sijambo, ila baridi, na jua linazidi kutupunjia mchana. Mwisho wa mwezi huu litatuaga, tusilione tena mpaka Januari. Nimekaa kimya mno, najua, na Zawadi ameshanisema kwa niaba yako. Unisamehe. Leo nina shida, na shida yenyewe ni ile lenzi ninayotaka kununua ya kupigia picha taa za kaskazini, zile za rangi zinazocheza angani usiku.

Mwezi uliopita tulikwenda Ersfjordbotn, kijiji kilicho mwisho kabisa wa ghuba moja nyembamba, kama nusu saa kwa gari kutoka mjini. Milima imesimama wima huku na huku, maji yametulia katikati. Saa nne usiku taa zikaanza. Kwanza utepe mmoja wa kijani juu ya mlima, hafifu, ungedhani ni wingu. Kisha ukapanuka, ukajikunja, ukavuka anga lote mpaka nyuma yetu, na pindoni kwa chini ikawa inakimbia rangi ya waridi, kama mtu anapitisha kidole kwenye upindo wa pazia. Mbwana, zina marinda! Marinda kabisa, yanajikunja na kujikunjua, ukipepesa macho yameshahama.

Nikapiga. Kamera unaijua, na lenzi ni ile ile iliyokuja nayo, milimita 28, tundu la f/3.5 (namba hiyo ikipungua, tundu linapanuka). ISO, yaani wepesi wa kamera kushika mwanga, 3200, sekunde 15. Picha ikatoka na mwanga wa kutosha, lakini rinda hata moja hamna. Muda wote huo pazia lilikuwa linatembea, na kamera ikapanga kila hatua yake juu ya mwenzake mpaka ikawa ukungu wa kijani. Nikamtumia Mama. Akaniuliza, "Moshi wa nini huo, mnachoma taka?"

Mama yangu ameshona mapazia pale Ngamiani tangu sisi hatujaanza shule. Nilimwambia kwa simu kwamba mbingu ya huku ina marinda kama yake, halafu nikampa moshi. Limenikaa rohoni mpaka leo.

Ulisema kamera za siku hizi zinavumilia, nipandishe ISO tu. Nimepandisha. Kwenye 6400 kamera hii inaanza kutoa chenga, na ile waridi ya pindoni ndiyo inayokufa kwanza. Ninachohitaji ni tundu kubwa la lenzi. Piga hesabu mwenyewe: f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara nne ya f/3.5, kwa hiyo zile sekunde 15 zinakuwa 4, na taa zikiwaka sawasawa hata sekunde 2 zinatosha. Hapo rinda linashikika. Wengi wanaotafuta lenzi ya kazi hii wanafikiria picha kung'aa. Mimi nimeshaona kwamba ninachonunua ni muda.

Sasa upana: milimita zikipungua, lenzi inaona pana zaidi. Najua hupendi milimita 14, eti inavuta nyuso za watu wa pembeni mpaka bibi harusi anakuwa na shavu la boga. Ni kweli kwa harusi zako. Lakini sisi tupo chini kabisa ya mkanda ambamo taa hizi hupita, hata usiku ambao kipimo cha Kp, cha msukosuko wa sumaku ya dunia, ni 2 tu kati ya 9 zinatokea, na mara nyingi zinapita utosini. Mtu aliye Scotland huziona chini kule kaskazini, milimita 24 inamtosha. Hapa nikitaka mlima, maji na pazia lote kwa pamoja, 28 inanikatia nusu. Ile Sony ya milimita 20, f/1.8, nimeishika dukani: gramu 373, nyepesi mno, unasahau kama ipo. Inaona nyuzi 94. Ya 14 inaona 114. Nilidhani tofauti hiyo ni ndogo mpaka nilipolala chali juu ya theluji nikanyoosha mikono kupima anga. Sony wanayo na ya 14, f/1.8, gramu 460, lakini ilipotoka mwaka 2021 ilikuwa karibu dola 1,600. Mfuko wangu unajua.

Ndiyo maana nakuandikia. Yule jamaa wa Mikocheni bado anauza Sigma yake ya milimita 14, f/1.8, na ameniapia ni ile ya kufungwa kwenye Sony. Nzito, inapita kilo moja, lakini tripodi ndiyo itakayobeba. Zawadi anapanda ndege Desemba na amekubali kuniletea. Ila siwezi kulipa kwa maneno ya muuzaji, na wewe ndiye mwenye jicho.

Nakuomba uiazime usiku mmoja. Nenda nayo Pangani, mbali na taa za mji, usiku usio na mwezi. Weka kwenye stendi, fungua f/1.8 yote, sekunde 10. Fokasi uifanye kwa mkono: vuta nyota moja kali kwenye kioo cha kamera mpaka iwe tone dogo kabisa, usiiamini alama ya mwisho iliyo kwenye lenzi. Halafu weka Kilimia kwenye kona ya picha. Piga, hamisha kona ya pili, piga, mpaka zitimie nne. Kona zote zikiota mbawa kidogo, nyota kama ndege, hiyo ni tabia ya lenzi pana, navumilia. Lakini upande mmoja ukiwa na mbawa na mwingine safi, basi iliwahi kuanguka na kioo cha ndani kimehama. Hiyo mrudishie. Na kagua kioo cha mbele kwa tochi, kimetokeza kama jicho la chura na hakifungwi filta.

Hilo la filta halinisumbui. Nilikuwa na filta ya UV kwenye lenzi yangu, na picha za mwanzo zilitoka na miduara katikati, mmoja ndani ya mwingine, kama umetupa jiwe kisimani. Kijani hiki ni cha oksijeni, karibu rangi moja tupu, kikigonga kioo bapa kinarudi na kujichora hivyo. Nilipoivua, miduara ikaisha.

Halafu kuna jambo la wakati. Jua lilitangazwa Oktoba 2024 kwamba limefika kilele cha mzunguko wake wa miaka kama 11. Taa za huku hazikauki, lakini usiku mkubwa kama ule utaadimika kadiri miaka inavyokwenda. Nikingoja akiba ya ile Sony... hapana, sitaki kungoja.

Utapata nafasi lini ya kwenda Pangani? Jamaa atakubali kuitoa usiku mmoja ukimwachia rehani? Au unaona nishike ile ya 20 nitulie, niwe nageuza kamera na kuunganisha picha? Pazia litanisubiri nigeuze? Na Mama umemwona hivi karibuni, mguu unaendeleaje? Akikuuliza, mwambie namtafutia picha nyingine.

Wasalaam,
Nduguyo Omari