Historia ya Marekani na Ulaya haifaulwi kwa kukariri miaka

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wanafunzi wanaojiandaa kwa mitihani ya AP (Advanced Placement, masomo ya Marekani ya kiwango cha chuo kwa wanafunzi wa sekondari) ya historia ya Marekani na ya Ulaya, pamoja na wazazi wanaowalipia masomo ya ziada, waache kukesha na orodha za miaka na majina.

Mtihani wa Marekani ulibadilishwa mwaka 2015 na ule wa Ulaya ukafuata mwaka 2016. Maswali 80 ya kuchagua yalipunguzwa hadi 55, yanayofanywa kwa dakika 55 na kubeba asilimia 40 ya alama, na sasa hupangwa kwa mafungu yanayotegemea andiko la kale, mchoro, ramani au jedwali. Anayejua tu kwamba Sheria ya Stempu, kodi ya Uingereza kwa makoloni yake ya Amerika, ilipitishwa mwaka 1765 atakwama atakapowekewa malalamiko ya mlowezi wa zama zile na kuulizwa chimbuko lake. Lakini aliyeelewa kwamba vita dhidi ya Ufaransa vilivyokwisha mwaka 1763 viliiachia Uingereza madeni makubwa, na kwamba Bunge la London liliamua kuwatoza kodi walowezi wasio na mwakilishi ndani yake, atalitambua jibu hata kama andiko lenyewe hajapata kuliona.

Linaloniuma zaidi ni kuona vijana wenye bidii wakinaswa na majibu ambayo, yakisomwa peke yake, ni ya kweli kabisa. Swali linaweza kuhusu mapigano ya Kansas baada ya sheria ya mwaka 1854 iliyowaachia walowezi wa huko waamue wenyewe kuhusu utumwa, na mojawapo ya majibu likataja kukomeshwa kwa utumwa kwa Marekebisho ya 13 ya Katiba. Tukio hilo ni la kweli, ila ni la mwaka 1865, kwa hiyo haliwezi kuwa chanzo cha mapigano yaliyolitangulia. Ndiyo maana nashauri kwamba katika kila swali la mazoezi mwanafunzi atazame kwanza nani aliandika na lini, kisha, akishachagua, aandike sentensi moja kueleza kwa nini kila moja ya majibu matatu yaliyobaki halifai. Kazi hii ni ya polepole, na maswali kumi yaliyochambuliwa hivyo yana faida kuliko mia yaliyosahihishwa kwa vema na kosa tu.

Aidha, walimu wa masomo ya ziada wanaoendelea kuwaonya vijana wasibahatishe wanawapotosha, kwa kuwa adhabu ya kukatwa robo alama kwa jibu baya iliondolewa mwaka 2011.

Msomaji wako