Mbona kwangu inafunguka?

Ilikuwa Agosti, msimu umekolea na nyumba za wageni pwani yote zimejaa. Bibi mmoja mwenye nyumba ya wageni Jambiani akaona gari inasimama mlangoni, wanashuka mume na mke na mabegi yao, Wamarekani, watu ambao hakuwa na habari nao. Wakamwonesha barua pepe ya kuthibitisha nafasi yao. Tarehe imeandikwa 08/07. Kwao wao mwezi hutangulia siku, kwa hivyo walikusudia Agosti 7. Yeye aliisoma kama tunavyoisoma sote hapa, tarehe 8 Julai, na siku hiyo alikuwa amekiweka chumba wazi, akangoja mpaka usiku, asitokee mtu.

Hakuwarudisha. Aliwapa chumba chake mwenyewe, akenda kulala kwa dada yake. Asubuhi akatupigia simu sisi mafundi wa tovuti yake: "Mwanangu, njoo uitizame hii tovuti mliyonifanyia."

Tulikwenda. Tukaifungua kwenye simu yake, ikafanya kazi. Kwenye simu yangu, ikafanya kazi. Ukigusa pahala pa tarehe kalenda inafunguka, unachagua siku yako, basi. Hakuna hata pa kuandika 08/07. Ilituchukua mchana mzima kubaini kwamba wageni wale waliweka nafasi kwa kompyuta yenye kivinjari (programu ya kufungulia tovuti) cha zamani kisichokuwa na kalenda ile. Kwao kilitokea kisanduku kitupu, wakaandika wanavyojua. Kosa lilikuwa letu. Fomu ile tuliijaribu kwa simu zetu na kompyuta za ofisini, tukaona imetosha.

Tangu siku ile kila hesabu ya kazi tunayompa mteja ina mstari wa kujaribu tovuti kwenye vivinjari mbalimbali, na karibu kila mteja huuliza swali moja: mbona kwangu inafunguka? Ni swali la haki, na linastahiki jibu refu kidogo.

Tunachokiandika sisi mafundi ni maagizo: hapa weka picha, hapa pana kitufe, hapa pokea tarehe. Anayeyasoma na kukuchorea ukurasa ni kivinjari, nacho kinaweza kuwa Chrome, Safari, Firefox, Edge, Opera au kile kinachokuja na simu za Samsung. Kila kimoja kinayasoma kwa ujuzi wake. Sisi wa visiwani jambo hili tunalijua kwa lugha. Mtu wa Makunduchi, wa Tumbatu, wa Micheweni na wa Mjini kila mmoja ana Kiswahili chake. Ndiyo maana kikachaguliwa Kiunguja cha mjini kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia, ili kitabu kimoja kisomeke Mombasa, Tabora na Wete.

Wavuti nayo ina kamati yake. Tim Berners-Lee, aliyeibuni wavuti alipokuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Uswisi, alianzisha kamati hiyo, W3C, mwaka 1994 ili viwango viandikwe pamoja. Lakini kamati hiyo haina mamlaka ya kumlazimisha mtu. Kiwango kikishaandikwa, kila kampuni hukitia kwenye kivinjari chake kwa wakati wake. Kalenda yetu ya tarehe ni mfano mzuri. Chrome ya kompyuta ilikuwa nayo mwaka 2012. Ikaingia katika kiwango cha HTML5, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, kilichopitishwa Oktoba 2014. Kivinjari cha mwisho kati ya vile vikubwa vya kompyuta kikaipata Aprili 2021. Miaka tisa hiyo, na fundi anatakiwa ajenge nyumba huku kila msomaji anaelewa nusu tofauti ya maagizo. Tena kivinjari kisichokijua kitu kipya hakipigi kelele. Kiwango chenyewe kinakiagiza kioneshe kisanduku cha maandishi cha kawaida, ili fomu isife kabisa. Ni busara, ila ni busara ya kimya, na ukimya huo ndio uliomlaza yule bibi kwa dada yake.

Waliotutangulia katika kazi hii walipata tabu kubwa zaidi. Internet Explorer 6 ilitoka mwaka 2001, ikashika karibu asilimia 90 ya watumiaji, kisha Microsoft ikakaa mpaka 2006 ndipo ikatoa toleo la 7. Miaka yote hiyo mafundi wakiandika kazi moja mara mbili, mara moja kwa viwango na mara ya pili kwa ajili ya kivinjari hicho kimoja. Waliopigania hali ibadilike walikuwa mafundi wenyewe, waliojiunga mwaka 1998 katika Web Standards Project. Mwaka 2005 wakatoa mtihani unaoitwa Acid2: ukurasa ambao kivinjari kinachofuata viwango kitauchora kama uso wa njano unaotabasamu, na kinachokosea kitautoa umevurugika. Nimeupenda sana mtihani ule. Mtu asiyejua lolote katika ufundi anaweza kuutizama akajua nani kafeli.

Na matunda yake tumeyaona. Machi 2017 njia mpya ya kupanga ukurasa, CSS Grid, iliingia Chrome, Firefox na Safari ndani ya mwezi mmoja, jambo ambalo miaka kumi nyuma lingekuwa ndoto. Tangu 2022 Apple, Google, Microsoft na Mozilla, pamoja na wenzao, huchagua kila mwaka mambo ambayo vivinjari vyao vinatofautiana, wakayafanyia kazi na kutangaza alama zao hadharani. Kazi iliyokuwa ikitula wiki sasa tunaimaliza kwa siku mbili, na mteja anaiona nafuu hiyo katika bei.

Kilichobaki ni vifaa vilivyomo mikononi mwa watu. Kwenye iPhone, Safari husasishwa pamoja na mfumo mzima wa simu. iPhone 6 iliishia toleo la 12 la mfumo huo, iOS 12, na Safari ya iPhone ilianza kuonesha picha za WebP kwenye iOS 14, mwaka 2020. WebP tunaipenda kwa sababu ni nyepesi kuliko JPEG na haili bando la mgeni. Lakini ukiiweka peke yake, mwenye iPhone 6 anafungua tovuti yako ya Paje na badala ya bahari anaona mraba mtupu. Dawa ipo na haina gharama kubwa: tunaweka picha za aina zote mbili, kivinjari kinachukua inayokifaa. Simu hiyo tunayo ofisini, imepasuka kioo pembeni, na kila kazi inapita mkononi mwake.

Wateja wengine si watalii kabisa. Duka la vifaa vya ujenzi Chake Chake linatizamwa na watu wanaohesabu bando, na baadhi yao hutumia Opera Mini katika hali ile inayoufungua ukurasa kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali, ikauminya, ndipo ikauleta kwenye simu. Huko JavaScript, lugha inayoufanya ukurasa uitike ukiugusa, hupata nafasi finyu sana. Menyu inayoitegemea inaweza isifunguke, na mtu asione bei ya saruji. Kwa duka kama hilo, orodha ya bidhaa na namba ya simu lazima vionekane hata JavaScript ikizimwa.

Wapo wanaotwambia, "Fanyeni kwa Chrome tu, wengi wanatumia hiyo." Hapa hatukubaliani, hata mteja akiwa tayari kulipa. Opera iliacha injini yake, ile sehemu ya ndani inayouchora ukurasa, mwaka 2013 ikachukua ya Chrome, Edge ikaja na injini ya Chrome Januari 2020, na ukiwajengea hao peke yao unairudia njia ya Internet Explorer 6. Isitoshe, kwenye iPhone, katika sehemu kubwa ya dunia, hata Chrome inazunguka juu ya injini ya Safari. Kwa hivyo aliyejaribu tovuti kwa Chrome ya iPhone amejaribu Safari bila kujua.

Ukaguzi tunaufanya wakati wowote, ila masika ndio wakati mzuri, wageni wachache na hoteli nyingi zimefunga. Pemba tunavuka. Ukiona kasoro, tutumie WhatsApp picha ya skrini, aina ya simu au kompyuta, na jina la kivinjari. Hayo matatu yanatupunguzia nusu ya kazi.

Na kama tovuti yako inapokea nafasi za vyumba, leo hii fungua barua pepe zako za miezi michache iliyopita uzitizame tarehe. Zikiwa zote zimeandikwa kwa mtindo mmoja, kalenda yako inafanya kazi. Ukikuta moja ina mikwaju (/), nyengine nukta, nyengine mwezi umeandikwa kwa herufi, basi wapo wageni wanaopata kisanduku kitupu. Mpigie simu kila mmoja ambaye bado hajafika, muulize ni mwezi gani.