YAH: Malalamiko kuhusu nozo mbovu mliyoniuzia na fundi wenu aliyeseti dizeli kwa sikio

Ndugu Meneja, habari za kazi.

Naandika kuhusu pampu ya dizeli na nozo (ile inayopuliza dizeli ndani ya silinda) nilizonunua dukani kwenu mwezi uliopita kwa ajili ya mashine yangu ya kusaga, injini ni Lister 6/1 ya zamani, silinda moja, ile ya flaiwili mbili, yale magurudumu mazito ya pembeni. Spea nililipia, na fundi wenu wa kuja kufunga na kuseti nikamlipia, risiti zote ninazo. Nimepiga sana simu dukani, kila anayepokea ananiambia spea ikishafungwa hairudi, basi sasa naandika.

Naanza na fundi. Huyu kijana alifunga pampu, akalegeza loki nati ya tapeti, kile kinachoisukuma pampu, akawa anazungusha skrubu kidogo tunawasha anasikiliza mlio anazima anazungusha tena, mlio ulipomridhisha akakaza akaomba hela ya nauli. Alama ya flaiwili hakuiangalia kabisa. Nilimuuliza umeweka digrii ngapi akanijibu za kichina anaziseti hivyohivyo na zinaenda. Jamani hii sio ya kichina ya mizunguko 2,200 kwa dakika, hii inazunguka 650, na pampu inatakiwa ianze kusukuma dizeli digrii 20 za mzunguko wa flaiwili kabla pistoni haijafika juu kabisa. Hicho kitu kinapimwa, hakisikilizwi.

Toka siku ile injini ikawa inagonga mpaka bati za banda zinatetemeka, halafu asubuhi moja ya baridi kijana wangu kapiga hendeli ya kuwashia ikarudi nyuma kwa nguvu, ilimkosa mkono padogo sana. Hapo niliogopa kweli. Hendeli ya hizi injini ikirudi inavunja mkono, na sababu yake inajulikana, dizeli imeingia mapema mno inawaka wakati pistoni bado inapanda, inaisukuma irudi ilikotoka. Na hata ikishawaka kipigo chote kinaenda kwenye beringi za konekting rodi, ambazo huku kuzipata ni kazi.

Nikamwita mzee mmoja wa huku aliyezifanyia kazi hizi Lister miaka mingi. Alifungua juu ya pampu akatoa delivari valvu (kilango cha kupitisha dizeli kwenda kwenye nozo) na springi yake, akarudishia nati, akafungulia dizeli, akawa anazungusha flaiwili taratibu kufuata upande inaozungukia mpaka dizeli ikakata, palepale akapiga chaki. Digrii alizipata kwa futi kamba tu, akapima mzingo wa flaiwili akagawanya kwa 18, urefu huo ndio digrii 20, akaupima kurudi nyuma kutoka kwenye alama ya pistoni juu. Chaki ikaonyesha fundi wenu aliacha zaidi ya digrii 30! Spana, futi kamba na chaki, hivyo ndivyo vifaa vyote vilivyohitajika, kwa hiyo mkija kusema kijijini hakuna vifaa vya kupimia sitakubali.

Sasa nozo. Baada ya mzee kuseti, kugonga kumepungua sana na hendeli hairudi, ila moshi mweusi haujaisha na mashine ikibebeshwa mahindi inachoka. Tukaitoa nozo tukaifunga kwenye bomba lake kwa nje, badala ya kupuliza ukungu inatoa mchirizi upande mmoja na ncha inabaki inachuruzika. Nozo mpya ya kwenye boksi hiyo. Haikuja na karatasi, presha ya kufungukia haijaandikwa popote, na fundi wenu hakuipima kwa mashine ya kupimia nozo, aliielekeza kiganjani kwake akasema iko safi, huku vijana wangu wanamuangalia na kujifunza. Tafadhali mkatazeni kabisa. Dizeli inayotoka kwenye nozo ina presha ya kupenya ngozi, ikiingia kidoleni inaonekana kama kidonda kidogo tu kumbe ndani inaoza, watu wamekatwa vidole kwa jambo hilo.

Ninachotaka ni hiki, nozo nyingine iliyopimwa kwenye mashine ya kupimia nozo na presha yake iandikwe kwenye karatasi yenye muhuri wenu, na hela ya ufundi irudi yote maana kazi imefanywa na mtu mwingine nikamlipa tena mfukoni mwangu. Pia pampu yangu ya zamani fundi wenu aliondoka nayo bila kuniomba, naitaka, bodi yake ilikuwa nzima na elementi, ile pistoni ndogo ya ndani, inaweza kubadilishwa.

Kina mama wa hapa wanabeba mahindi mpaka kijiji cha pili kwa sababu mashine haiwezi kusaga siku nzima, kwa hiyo sina nafasi ya kuzungushwa. Nawapa wiki mbili, baada ya hapo napeleka risiti, picha na hii nozo yenyewe Tume ya Ushindani, FCC. Na mkituma mtu, aje anayejua kupima pale dizeli inapokata kwenye pampu kama alivyofanya yule mzee, yule wa kwanza simruhusu kugusa injini yangu.

Mimi mteja wenu,
Mwenye mashine ya kusaga